Jina la Msanii Kwenye Bahasha ya Marehemu



Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2024 baadhi yetu mafrateri tulikuwa Dar es Salaam, katika parokia moja ya katikati ya jiji, tulikotumwa kuhamasisha miito. Baada ya Misa ya pili tuliwekewa meza nje ya kanisa, jirani na meza ya bahasha za marehemu. Bahasha hizo Wakatoliki wengi wa kwetu wanazijua: unaandika majina ya marehemu wako, unatia sadaka, na majina hayo yanaombewa katika Misa za mwezi wa Novemba. Mzee aliyekuwa akizipokea aliitwa ofisini, akatuomba tumshikie meza kidogo.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye sare ya WAWATA. Tulimwamkia, akaitikia, akatuambia kwamba yeye anakaanga samaki kule Feri, na kwamba amechelewa kurudisha bahasha kwa sababu kuna jambo hana uhakika nalo. "Frateri, naruhusiwa kumwandika mtu asiye ndugu yangu?" Tulimjibu kwamba anaruhusiwa. Akatuonyesha. Juu kabisa lilikuwapo jina la mama yake mzazi, likafuata la mume wake. Mstari wa tatu uliandikwa "Kanumba". Mstari wa nne uliandikwa "Tesa wa Huba".

Mmoja wetu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Halafu tukamwambia, kwa upole wa mtu anayedhani anajua, kwamba wasanii wana watu wengi wa kuwakumbuka, kwamba redio na magazeti yanawakumbuka, na kwamba bahasha hii ni ya marehemu wetu. Mama akasema, "Haya, wanangu," akaikunja bahasha, akaitia kwenye mkoba, akaondoka nayo.

Usiku ule hatukulala mapema. Kadiri tulivyozungumza ndivyo tulivyoona kwamba jibu letu lilikuwa baya, na baya kwa sababu za kifalsafa na za kiimani pia. Makala haya ni jaribio la kumjibu mama yule upya, na kuwajibu wengine wenye swali kama lake: mtu aliyemlilia msanii ambaye hakuwahi kuonana naye afanye nini na yale machozi?

Tuanze na hao wawili wa kwenye bahasha. Grace Mapunda, ambaye watazamaji wa tamthilia ya Huba walizoea kumwita Tesa, alifariki dunia Jumamosi ya tarehe 2 Novemba 2024. Siku hiyo Kanisa zima lilikuwa linaadhimisha Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Maana yake ni kwamba mama wa Feri alipata habari za msiba siku ileile ya kuwaombea marehemu, na asubuhi iliyofuata jina lilikuwa tayari kwenye bahasha. Sisi tunaosoma vitabu vya imani kila siku tuliisikia habari hiyo pia, tukatikisa kichwa, tukaendelea na mambo yetu.

Kuhusu Steven Kanumba, wasomaji wa rika letu hawahitaji kusimuliwa mengi. Sisi tuliofikisha miaka 25 tulikuwa shule ya msingi alipofariki, usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012. Wachache wanakumbuka kwamba ile ilikuwa Jumamosi Kuu. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 8 Aprili. Jumamosi Kuu, kama tunavyojua, haina Misa mpaka Kesha la usiku; altare iko tupu, na Kanisa linakaa kimya kaburini pamoja na Bwana wake. Katika ukimya huo watu walikuwa wakipigiana simu kuulizana kama ni kweli. Jumanne ya tarehe 10 Aprili aliagwa katika viwanja vya Leaders Club na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Umati ulikuwa mkubwa kuliko uwanja, na watu wengi walizimia wakabebwa. Alikuwa na miaka 28, yaani mitatu tu zaidi ya hii tuliyo nayo sisi sasa.

Waliozimia pale Leaders wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Walikuwa wanamlilia nani?

Swali hili si la kudharau. Mtakatifu Agostino alijiuliza swali la namna hiyo kuhusu nafsi yake mwenyewe katika kitabu cha Maungamo, alichokiandika miaka ya mwisho ya karne ya 4. Anasimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgili aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Baadaye, akiwa kijana mjini Karthago, alipenda sana maigizo ya jukwaani, hasa yale ya huzuni, na kama igizo halikumliza aliondoka akinung'unika. Alipoongoka alijishangaa: iweje mtu apende kuhuzunika kwa ajili ya mambo ambayo hayakutokea, na asiyemsaidia mtu yeyote kwa huzuni hiyo? Anayemwona jirani yake amelala njaa akasikitika, masikitiko yake yanaweza kumfikisha kwenye kupeleka unga. Anayemsikitikia mtu wa kwenye igizo hana pa kupeleka unga wake.

Ukisoma hapo tu unaweza kudhani Agostino angetuunga mkono sisi pale mezani. Sisi tulidhani hivyo. Lakini kitabu hakikuishia hapo. Mbele kidogo anasimulia kifo cha rafiki yake wa Thagaste, rafiki wa kweli safari hii, na jinsi mji wote ulivyomgeukia kuwa adhabu kwa sababu kila kona ilimkumbusha yeye. Na katika kitabu cha tisa cha Maungamo anafika kwa mama yake, Mtakatifu Monika, aliyefariki mwaka 387.

Monika alifia Ostia, bandari ya Roma, akisubiri chombo cha kumrudisha nyumbani Afrika. Kwa watu wa Kivukoni picha hii haihitaji maelezo: ni mahali pa kusubiri kuvuka, pa mizigo na makelele, na mama mzee mgonjwa aliyefika kwenye maji asivuke. Wanawe waliumia kwamba angezikwa ugenini. Yeye aliwaambia mwili wausitiri popote, usiwasumbue; aliomba jambo moja tu, kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Agostino alijizuia kulia mazishini, halafu akalia alipokuwa peke yake. Na anapofunga simulizi lile anafanya jambo ambalo ndilo lililotuaibisha usiku ule. Anamwomba kila atakayesoma kitabu chake amkumbuke kwenye altare Monika, mtumishi wa Mungu, pamoja na Patrisio mumewe. Anawataja kwa majina.

Msomaji gani huyo? Hamjui. Wengi walikuwa hawajazaliwa. Hakuna msomaji yeyote leo aliyewahi kuonana na Monika, na bado kwa zaidi ya miaka 1,600 watu wanasoma ombi lile na baadhi yao wanalitimiza. Agostino aliwageuza wasomaji wake, watu baki kabisa, kuwa watu wa msiba wa mama yake. Hakuwaambia kwamba Monika ana watu wengi wa kumkumbuka.

Hapo tuliona tofauti iliyokuwa mbele yetu tusiione. Agostino wa Karthago alikuwa na machozi yasiyo na pa kwenda. Agostino wa Ostia alikuwa na machozi yenye pa kwenda, nayo yalikwenda altareni. Mama wa Feri alikuwa ameshavuka kutoka la kwanza hadi la pili: alimjua Kanumba kwenye kioo cha televisheni, akamlilia kama shabiki, kisha akachukua bahasha. Sisi ndio tuliomrudisha ukumbini.

Lakini hata "Tesa wa Huba"? Hapa tukiri kwamba kicheko cha mwenzetu kilikuwa na punje ya ukweli ndani yake. Tesa ni mhusika. Mhusika hazaliwi na hafi, hana dhambi wala toba, na hakuna sala inayoweza kumsaidia. Aliyekufa ni Grace. Huyo ndiye aliyekuwa na mwili uliochoka, na watoto, na deni labda, na siri zake mbele ya Mungu kama tulivyo nazo sote. Kifo kinamvua msanii majina yote ya jukwaani. King Majuto, aliyetuchekesha tangu tukiwa wadogo, aliondoka mwaka 2018 akiwa Amri Athumani. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyeaga dunia tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa Fatuma binti Baraka. Jina la jukwaani ni la kwetu sisi watazamaji. Tulilipenda, tukalitumia, pengine tukalichosha. Jina alilopewa na wazazi wake ndilo aliloitiwa chakula utotoni.

Kwa hiyo shabiki anayetaka kumwombea msanii ana kazi moja ndogo ya kwanza, ya kutafuta jina lake halisi. Si kwamba Mungu atachanganyikiwa. Mungu alijua kabisa mama yule anamaanisha nani. Kazi hiyo ni kwa faida ya anayeomba. Ukilitafuta jina utagundua alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa nani, alianza wapi sanaa, na taratibu yule wa kwenye kioo anapisha, anaingia mtu. Nadhani, yaani tunadhani, kwamba huo ni mwanzo mzuri wa sala.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Neno "marehemu" limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya rehema: marehemu ni aliyerehemiwa, au tunayemtakia arehemiwe. Kila Mswahili anaposema "marehemu Kanumba" ameshamwombea kwa neno moja, awe Mkristo au Mwislamu, awe amekusudia au hakukusudia. Magazeti yana desturi ya kuwaita watu wakubwa "hayati", na wapo wanaoona kwamba msanii maarufu naye anastahili kuitwa hayati ili asichanganywe na marehemu wa kawaida. Hayati ni neno zuri, lina maana ya uhai. Lakini kama ni sisi wa kuchagua, tungeomba tuandikwe kwenye kundi la wanaotakiwa rehema.

Tupite sasa Kariakoo, ambako kumbukumbu za wasanii zinauzwa kwa bei nafuu. Kijana anakaa na kompyuta yake barazani, unampa flashi au kadi ya simu, anakujazia nyimbo. Ukimwambia "zilipendwa" anakupa Marijani Rajabu, mtoto wa Kariakoo hiyohiyo, aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki mwaka 1995. Yule kijana anayekujazia pengine alizaliwa baada ya Marijani kuzikwa. Hapa kuna fumbo la kifalsafa ambalo limetupa kazi darasani.

John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi Mwanglikana kutoka Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za mafundisho yake. Alieleza kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu bado yuko hai mtu aliyemjua na anayelitaja jina lake. Mbiti aliwaita marehemu hao wafu walio hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu anazama katika Zamani. Mbiti amekosolewa sana, hasa kwa aliyoyasema kuhusu Mwafrika na wakati ujao, na hatukusudii kumtetea hapa. Lakini ukimsoma ukiwa Kariakoo unajiuliza: sauti ya Marijani ikilia kwenye spika ya duka mwaka 2024, na anayesikiliza hakuwahi kumjua, Marijani yuko Sasa au yuko Zamani?

Teknolojia imemwongezea msanii Sasa yake. Babu yetu wa kijijini ambaye hakurekodiwa atatoweka mjukuu wake wa mwisho akifa, Marijani ataendelea. Ndiyo maana mashabiki husema kwamba msanii hafi. Wanasema kwa mapenzi, na kuna ukweli kiasi. Kule Sinza kuna kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy, na makondakta wanalitaja jina la Remmy Ongala kutwa nzima tangu kabla hajafariki mwezi Desemba 2010 hadi leo. Abiria wangapi wanaoshuka pale wanawaza kwamba Remmy alikuwa mtu, kwamba aliimba wimbo uitwao Kifo, na kwamba miaka yake ya mwisho aligeukia nyimbo za kumsifu Mungu? Jina limebaki, anayetajwa amefifia. Kumbukumbu yetu hata ikisaidiwa na flashi ni chombo kinachovuja.

Imani yetu haisemi kwamba marehemu anaishi kwa sababu sisi tunamkumbuka. Inasema anaishi kwa sababu Mungu hamsahau, na kwamba sisi tunapomkumbuka mbele ya Mungu tunaingia katika kumbukumbu isiyovuja. Tofauti hii ni kubwa kivitendo. Kama uhai wa msanii unategemea mashabiki, basi mashabiki wana mzigo usiobebeka, na wakichoka wanamuua mara ya pili. Kama uhai wake uko kwa Mungu, shabiki anaweza kumwombea leo, akasahau kesho akiwa na njaa ya watoto, na hakuna kilichopotea.

Turudi kwenye swali la mama: anaruhusiwa? Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa haizungushi maneno. Inampa padre uhuru wa kutolea Misa kwa nia ya mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki. Haiulizi undugu. Na kama marehemu hakuwa Mkatoliki? Idara ya Mafundisho ya Imani ililijibu hilo mwaka 1976: hata Misa ya hadhara kwa ajili ya Mkristo wa kanisa lingine inaweza kuadhimishwa ikiwa ndugu, au rafiki, wanaiomba kwa nia ya kweli ya kidini na waamini hawakwazwi, ila jina lake lisitajwe ndani ya Sala ya Ekaristi yenyewe. Bahasha ya Novemba ni jambo dogo kuliko hilo. Kwa wasanii Waislamu, na ni wengi kati ya waliotulea kwa muziki na vichekesho, hakuna kinachotuzuia kuwaombea kimya katika nia zetu, huku tukiheshimu dua za jamaa zao. Majirani wa Kariakoo wamezikana hivyo miaka mingi, huyu na tasbihi yake na yule na rozari yake.

Katekisimu, namba 958 na 1032, inatukumbusha kwamba kuwaombea marehemu ni desturi ya tangu mwanzo, na inarejea Kitabu cha Pili cha Wamakabayo sura ya 12, pale Yuda Makabayo alipochanga fedha kwa ajili ya sadaka ya askari waliokufa vitani. Wale askari walikutwa na hirizi za sanamu ndani ya nguo zao. Yaani walikufa wakiwa na doa, tena doa lililoonekana na watu wote. Yuda hakusema hawafai. Alichanga.

Tunalitaja doa kwa makusudi, kwa sababu msanii akifa maisha yake hufunguliwa kama kabati la mtu aliyehama. Alipofariki Kanumba mitaa ilijaa habari za Freemason, wengine wakahesabu herufi za majina ya filamu zake kutafuta ishara. Watu wazima, wenye akili zao, walisimuliana hayo wakinong'ona kwenye daladala. Tunajua pia kwamba kifo kile kilifika mahakamani, na kwamba msanii mwenzake alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha miaka 2 kwa kuua bila kukusudia, na adhabu hiyo ameshaitumikia. Bado wapo wanaojiita mashabiki wa marehemu ambao ushabiki wao umebaki kumtukana aliye hai. Hilo tunalisema wazi: matusi hayo hayamfikii marehemu kama heshima. Katekisimu namba 2477 inakataza kuhukumu kwa pupa na kuanika makosa ya mtu pasipo sababu ya haki, na haijasema kwamba katazo linaisha mtu akizikwa, wala kwamba mapenzi kwa marehemu yanafuta katazo hilo kwa walio hai.

Kisha kuna suala la mfuko. Agostino huyohuyo, katika kijitabu chake kuhusu kuwatunza marehemu, alichomwandikia Paulino wa Nola kwenye miaka ya 421 au 422, alieleza kwamba fahari ya mazishi ni faraja ya walio hai zaidi kuliko msaada kwa aliyekufa. Kinachomsaidia marehemu ni sadaka ya altare, sala, na sadaka kwa maskini. Tukiyaleta haya kwetu: fulana zenye picha ya msanii huchapwa na kuuzwa kabla hata hajazikwa, na hatuna ugomvi na mchuuzi anayetafuta riziki. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ile nyimbo unayojaziwa barazani kwa shilingi mia chache, au ile filamu iliyodurufiwa, ina mwenyewe, na mwenyewe huyo mara nyingi ni mjane au yatima. Tunamlilia baba huku tunakula cha watoto. Sisi wenyewe tuna flashi za namna hiyo mabwenini, tusijifanye.

Kama shabiki anauliza aanzie wapi, Kanisa linampa njia ya wazi. Mwamini anayetembelea makaburi kati ya tarehe 1 na 8 Novemba na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo tu, anaweza kupata rehema kamili kwa ajili ya marehemu walioko toharani, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kujitenga na kila mwelekeo wa dhambi. Kutoka Kariakoo hadi makaburi ya Kinondoni ni nauli ya daladala tu. Wanaokwenda kupiga picha kwenye kaburi la Kanumba wanaweza kukaa dakika tano zaidi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi la kurudi seminarini, tulikwenda Feri. Tulipita mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililokamilika mwaka 1902, tukafuata barabara ya ufukweni. Foleni ya pantoni ya Kigamboni ilikuwa ndefu, na mnada wa samaki ulikuwa umeshachangamka. Mama tulimkuta mbele ya karai lake. Tulimwamkia, tukamwambia kwamba jana tulimjibu vibaya na tumekuja kuomba radhi.

Alituangalia kama hakumbuki. Kisha akacheka. "Ile bahasha? Mbona niliirudisha jioni ileile. Yule mzee hakuniuliza kitu." Akageuza samaki. "Ila niliiandika upya. Mjukuu wangu aliniambia Tesa jina lake Grace, Grace Mapunda. Nikaona aibu, mtu nimemtazama miaka yote hiyo simjui jina." Tulimuuliza kwa nini anamwandika Kanumba kila mwaka. Alisema kwamba mwaka ule wa 2012 mume wake alikuwa amelazwa, na usiku akirudi nyumbani peke yake alikuwa anaweka mkanda wa Kanumba ili nyumba isiwe kimya. "Mume wangu namwombea kwa sababu ni mume wangu. Yule namwombea kwa sababu alinikalia usiku ule."

Akatufungia samaki watatu kwenye gazeti, akakataa hela. Tulipokuwa tunaaga akauliza, "Na nyie, frateri, mwaka huu mmemwandika nani?"

Tulikuwa hatujamwandika mtu. Bahasha zetu zilikuwa ndani ya begi, tupu, tangu Oktoba. Tuliziandika kwenye basi, kabla ya kutoka Dar es Salaam, tukiazimana kalamu moja.